Kicheko cha Bakshishi

Ndugu zangu wa kalamu, nina ugomvi na nyinyi, na nataka tuumalize hapa ukurasani. Barazani hatuuwezi. Barazani mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, na mimi sauti yangu ndogo.

Ugomvi wenyewe huu. Tarehe 9 Aprili 2021 alifariki Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, miezi miwili tu kabla ya kutimiza miaka mia. Magazeti ya ulimwengu yakaandika maisha yake, na mengi kati yao yakaweka pembeni orodha ya vichekesho vyake: kamwambia fulani hivi, kamuuliza fulani vile. Tangu hapo orodha ile haijafa. Inatafsiriwa Kiswahili, inapita mkono kwa mkono, inasomwa kwa sauti penye kahawa na watu wanashika mbavu. "Mzee yule alikuwa na vituko, bwana!" Sawa. Kucheka si dhambi. Lakini wako miongoni mwetu, vijana tunaojifunza kuandika, waliokwenda mbali zaidi. Wanasema ule ndio utani wenyewe. Wanasema sisi watu wa Pwani utani ni jadi yetu, kwa hivyo anayenuna akisikia maneno ya Philip ni mtu asiyejua mzaha.

Basi mimi nanuna. Na mzaha naujua. Ninachodai ni kwamba yale hayakuwa utani, na kwamba mwandishi asiyeona tofauti hiyo ataharibu kalamu yake mapema.

Kwanza tuziweke kauli zenyewe mezani, maana haifai kumshitaki mtu bila kutaja kosa. Mwaka 1984, akiwa Kenya, mwanamke mmoja alimkabidhi zawadi ndogo. Philip, kwa mujibu wa magazeti, akamuuliza: wewe ni mwanamke, sivyo? Mwaka 1986, akiwa Xi'an nchini China, aliwaambia wanafunzi Waingereza waliokuwa wakisoma kule kwamba wakikaa sana macho yao yatakuwa membamba kama ya wenyeji. Mwaka 2002, Australia, alimuuliza mtu mmoja katika wale wenyeji wa asili, ambao walikuwepo kabla Mzungu hajafika, kama bado wanarushiana mikuki. Mwaka 2003, Abuja, Rais Olusegun Obasanjo alimpokea akiwa amevaa mavazi ya kwao, yale mapana ya heshima. Philip akamwambia anaonekana kama mtu aliye tayari kwenda kulala.

Ziko nyingine chungu nzima, na vimeshatungwa vitabu vizima vya kauli zake. Mwenyewe alikuwa akijijua. Mwaka 1960 aliwahutubia madaktari wa meno wa kwao, akawatungia jina la kitaalamu la fani aliyodai kuwa ameifanya kwa miaka mingi: fani ya kufungua kinywa na kutia mguu ndani. Wahenga wetu walishalisema hilo kwa ufupi zaidi: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena ukijikwaa kidole, damu ni yako. Philip alifanya kazi za kifalme karibu miaka 70, akijikwaa ulimi kila mara, na walioumia ni wengine.

Sasa tuje kwenye utani, maana ndiko mnakomficha.

Utani si kila neno la kuchekesha. Utani una sheria, na sheria ya kwanza anaijua hata mtoto wa chuoni: ukinitania, nakutania. Mnyamwezi akimcheka Mzaramo, Mzaramo anayo ya kumrejeshea, na hakuyabuni jana, aliyakuta kwa babu yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vya kweli katika karne ya kumi na tisa, wakauana. Leo ni watani. Mtani anaweza kuja msibani akajilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa hawakasiriki. Kwa nini hawakasiriki? Kwa sababu wanajua siku ya msiba wake nao watakwenda kujilaza vile vile. Deni linalipika.

Au kama bara ni mbali, nendeni Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na kucharazana kwa magomba ya migomba, na wanawake waliojipamba wanaimba na kurushiana maneno makali. Yote yaliyokuwa vifuani mwaka mzima yanatoka siku ile, na mambo yakisha watu wanakula pamoja. Hebu sasa fikirini Mwaka Kogwa ambao upande mmoja tu ndio wenye magomba, na upande wa pili umeamrishwa usimame wima, mikono nyuma, utabasamu. Huo mtauita mchezo? Mimi nitauita bakora.

Haya, turudi Kenya mwaka 1984. Mwanamke yule jina lake halimo katika orodha. Zawadi yake hatuambiwi ilikuwa kitu gani. Nimezisoma orodha hizo moja baada ya moja, na kote nakuta hivyo hivyo: linaandikwa swali la mwanamfalme, kisha linafuata swali lake jingine katika nchi nyingine. Mwanamke alisema nini? Hakuna. Alicheka? Aliinama? Aligeuka akaenda zake? Hakuna. Kwa mwandishi wa orodha yule mama hakuwa mtu, alikuwa ukuta wa kupigia mpira.

Na hata kama angetaka kujibu, angejibu vipi? Huyo ni mgeni wa taifa. Wenyeji wamejipanga, picha zinapigwa, viongozi wa nchi yake wamekodoa macho wahakikishe heshima haivunjwi. Mgeni akitoa neno lisilofaa, itaitwa ucheshi. Mama akilirejesha neno kama lilivyo, itaitwa utovu wa adabu, na huenda akaulizwa maswali mgeni akishaondoka. Mtu mmoja ana ruhusa ya kusema lolote, mwenzake hana ruhusa hata ya kununa. Katika mizani ya namna hiyo hakuna utani.

Yule wa Australia jibu lake liliripotiwa. Alisema kwa upole kwamba hapana, hayo hatuyafanyi tena. Upole ule mnaujua wenyewe. Ni upole wa mtu anayemwonea haya mgeni kwa ujinga aliousema mgeni.

Niwe muadilifu, maana iko kauli moja inayonipa taabu. Desemba 1963 Philip alikuja pande hizi kwa niaba ya Malkia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 alikuwa hapa Unguja, uhuru ukakabidhiwa serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali hiyo ikapinduliwa. Kutoka hapa Philip alikwenda Nairobi, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba akasimama na Jomo Kenyatta kusubiri bendera ya Uingereza ishushwe. Kisa husimuliwa kwa namna zaidi ya moja, lakini kiini chake kimoja: alimnong'oneza Kenyatta kama kweli anataka kuendelea na jambo hili, au bado anataka kubadili mawazo.

Hicho nakicheka, sikatai. Nakicheka kwa sababu Kenyatta alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa linapanda mlingotini. Mfungwa wa jana alikuwa amesimama na mume wa mfungaji wake, bega kwa bega, na baada ya dakika chache hakuna aliyekuwa chini ya mwenzake. Pale utani unawezekana.

Lakini hata pale, ndugu zangu, tazameni nyuma ya mabega yao. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952 na haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Maelfu walifungwa kambini. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, akazikwa kaburi lisilo na alama. Uhuru ambao mwanamfalme aliuliza kama bado unatakiwa, wako waliokwisha kuulipia kwa shingo zao. Kenyatta aliweza kucheka kwa niaba yake mwenyewe. Kwa niaba ya wajane wa msituni sidhani kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kucheka. Kwa hiyo hata mzaha ulio bora katika mizaha yote ya Philip ulikuwa na mtu wa tatu, asiyekuwepo, anayelipa.

Najua hoja zenu, nimeshazisikia. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: alimtania kila mtu, hata Wazungu wenzake. Kweli. Mwaka 1995, huko Oban, Scotland, alimuuliza mwalimu wa udereva anawezaje kuwaweka wenyeji mbali na ulevi muda wa kutosha wapate kufaulu mtihani. Waskoti nao wakapata lao. Lakini ngojeni. Mwaka ule ule wa 1984, mama wa Kenya alipoulizwa kama ni mwanamke, televisheni ya Uingereza ilianzisha kipindi kinachoitwa Spitting Image. Kilikuwa na vikaragosi vya mpira, na mmoja wa waliofanyiwa kikaragosi ni Philip mwenyewe. Taifa zima likakaa sebuleni na kumcheka yeye, mkewe na watoto wao, na aliyetengeneza vikaragosi hakukamatwa. Mwingereza basi alikuwa na gomba lake mkononi, na alilitumia barabara.

Mkenya wa mwaka 1984 gomba lake lilikuwa wapi? Miaka miwili nyuma, mwaka 1982, serikali yake mwenyewe ilikuwa imeubomoa ukumbi wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walikuwa wakiigiza michezo kwa Kikikuyu, na Ngũgĩ akawa mkimbizi. Msiniambie basi kwamba Mskoti na mama wa Kenya walitaniwa sawasawa. Maneno yalikuwa ya aina moja, ila mmoja alikuwa na pa kujibia na mwingine hakuwa napo.

Hoja ya pili: alitaka kuwatoa watu wasiwasi. Watu wakisimama mbele ya wafalme hutetemeka, na yeye, masikini, kazi yake ilikuwa kuwachangamsha. Hoja hii ina uzito kidogo. Mtu mwenyewe alikuwa amekula chumvi: alitolewa kwao Ugiriki akiwa bado mtoto mchanga, ukoo wake umefukuzwa, akakulia kwa watu, akapigana vita baharini, kisha akatumia umri wake wote kutembea hatua moja nyuma ya mkewe. Mtu wa namna hiyo labda ana haki ya kuchoka. Lakini kumtoa mtu wasiwasi kuna njia inayojulikana kila nyumba: mwulize habari za kwao, kisha nyamaza umsikilize. Ukimuuliza kama bado anarusha mikuki, hukumtoa wasiwasi, umemfanya kiti ukakikalia ili wewe ujisikie vizuri.

Hoja ya tatu: marehemu hasemwi. Kwa heshima zote, ni nani anayemsema? Mimi sikuichapisha orodha. Philip alifanya mengine katika maisha yake. Mwaka 1956 alianzisha tuzo ya vijana ambayo imefika mpaka nchi zetu za Afrika Mashariki, na kuna vijana wa Kenya waliopanda milima na kujifunza kazi kwa sababu ya mpango ule. Wanaomchekea vituko ndio waliomwacha na vituko tu. Tena mkuki kwa nguruwe. Siku tutakapompata mgeni wa kuuliza kama mama zenu ni wanawake, ndipo tutajua nani hapendi mzaha.

Sasa nawaeleza kwa nini jambo hili linanikera mimi khasa. Mimi ni mtu wa Kidichi. Ukitoka mjini unapita Bububu, kisha unakata kuingia ndani, njia ya Kizimbani. Watalii wanaijua njia hiyo kuliko baadhi yenu, maana mashamba yetu ya viungo ndiyo yanayowaleta: karafuu, mdalasini, hiliki, mzingefuri wa kupaka midomo. Vijana wa kwetu wanawasukia wageni kofia na tai za makuti. Mwisho wa matembezi kijana mmoja anakwea mnazi huku anaimba, anaangusha dafu, watu wanapiga makofi.

Na mara nyingine mgeni mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, hutazama juu akasema kwamba kijana anakwea kama kima. Wenzake hucheka. Mtembezaji hucheka. Kijana, aliyeko juu ya mnazi na amesikia, kwa sababu lugha ya wageni anaijua vizuri tu, hucheka pia. Anashuka anacheka. Anapokea noti anacheka. Kicheko kile hakitoki tumboni, kinatoka mfukoni. Mimi nakiita kicheko cha bakshishi, na simlaumu anayekicheka, nyumbani kuna watu wanasubiri unga. Ninamlaumu aliyesimama pembeni na daftari lake, hana haja ya noti ile, na bado anaandika: "Wageni na wenyeji walifurahi pamoja."

Kidichi tunakijua kicheko hicho tangu zamani. Ipo kwetu hamamu aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binti Irich Mirza, aliyetoka katika ukoo wa Shah. Ndani mna nakshi za maua na ndege zilizotiwa na mafundi kwa mtindo wa kwao. Juu ya bibi yule tunayo maneno mengi: binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, alimweleza katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, jinsi alivyopanda farasi na kwenda kuwinda. Bibi huyo tunaweza kumwona mpaka vazi lake. Katika kitabu hicho hicho Salme ameandika pia juu ya utumwa. Aliutetea. Alimweleza mtu mweusi kuwa mvivu, asiyefanya kazi ila kwa kulazimishwa.

Salme hakuwa Mzungu. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, jirani zetu hapo. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba naandika haya kwa sababu ya rangi ya Philip, hakunielewa. Ninasema juu ya kiti. Anayekaa kwenye kiti kile, awe wa London au wa Mtoni, husema juu ya watu, na maneno yake yanakuwa kitabu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini wale waliochuma karafuu katika mashamba ya wakubwa, wakaitwa wavivu na mtu aliyekula kwa jasho lao, jibu lao kitabuni humo halimo. Ni lile lile pengo lililomo katika orodha ya mwaka 2021. Hapa pa swali pamejaa, hapa pa jibu pamebaki peupe.

Ndiyo maana nimekuja kwenu, na si kwa mtu mwingine yeyote. Sultani na mwanamfalme hawatausoma ukurasa huu. Nyinyi mtausoma, na nyinyi ndio mnaotengeneza orodha za kesho.

Angalieni vichekesho tunavyoandika wenyewe. Yuko mtu wa shamba aliyeingia Darajani akapotea njia. Yuko Mpemba na lafudhi yake. Yuko mzee wa Makunduchi anayesema kwa lugha yake na watu wa mjini wanaangua kicheko kabla hajafika mwisho wa sentensi. Yuko mtumishi wa nyumbani aliyetoka bara, asiyejua kutumia hiki na kile. Hesabuni katika hadithi hizo ni mara ngapi mtu huyu anapewa sentensi ya pili. Anafungua mdomo mara moja, anachekesha, basi, anatolewa jukwaani. Kijana wa mjini anayeandika hadithi hiyo atakasirika sana akisikia Rais wa Nigeria kaambiwa yuko tayari kwenda kulala. Kwani yule mzee wa Makunduchi ameambiwa nini? Ni kauli ile ile, imevalishwa kanzu.

Na angalieni tunavyowaandika wakubwa wetu. Mheshimiwa anasimama ukumbini, anamwona mwalimu wa skuli aliyenenepa, anamwita mbele, anamtolea mzaha juu ya tumbo lake. Ukumbi wote unacheka, na anayecheka kwa nguvu kuliko wote ni mwalimu mwenyewe. Kesho yake ripota anaandika kwamba mheshimiwa "aliwavunja mbavu wananchi". Hivi huyo ripota hakuona jasho la mwalimu? Alikuwa kakaa safu ya mbele. Aliliona. Ila naye anacheka cha bakshishi, na bakshishi yake ni kiti cha safu ya mbele.

Msiseme kwamba hatukupata mfano. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, mtu wa shamba kama mimi, akaja mjini kuuza vyungu. Walipoona anapanda, wenye wivu wakamtungia wimbo wa kumkejeli kwa asili yake na sura yake. Siti hakukimbia mji wala hakucheka cha bakshishi. Alitunga wimbo wake akawajibu kwa taarab ile ile, mbele ya watu wale wale, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Mji uliomcheka ukanunua sahani zake. Aliimba pia juu ya kesi na mahakama, mambo ambayo mtu wa kaniki hakutarajiwa kuyatia mdomoni. Huo ndio utani wa Pwani mnaousingizia. Ulikuwa na pande mbili.

Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti, ndiye aliyetupa Kusadikika mwaka 1951. Muundo wa kitabu kile ni nini? Ni mtu mmoja, Karama, aliyeshitakiwa mbele ya mfalme, akasimama akajibu siku baada ya siku, na kitabu kizima ni jibu lake. Mfalme yumo, mshitaki yumo, lakini kurasa ni za Karama. Tumekisoma skuli, tumekifanyia mtihani, tumepata alama zetu. Tukishika kalamu kuandika wenyewe, kurasa tunampa mfalme.

Siwaombi mwache kuchekesha. Uandishi usio na kicheko ni uji usio na sukari, na mji wetu una watu wengi wa kuchekesha nao. Ninaloomba ni dogo na linafanyika. Mtu wa shamba akiingia katika hadithi yako na kuchekwa, mpe jibu, na jibu lenyewe liwe zuri, liwe zuri kuliko kichekesho chako, likuume wewe mwandishi wakati unaliandika. Mkubwa akitoa mzaha mbele yako, andika alivyosema, kisha mtafute aliyetaniwa, mwulize yeye alitaka kusema nini, uandike na hilo. Akikataa kusema kwa woga, andika kwamba alikataa kusema. Msomaji atajua.

Na ile orodha ya Philip mkitaka kuitafsiri tena, itafsirini. Ila chini ya kila kauli acheni mstari mmoja mtupu, na juu ya mstari huo andikeni ni nani aliyeambiwa, alikuwa amebeba nini, alikuwa amesimama wapi na nani alikuwa anamtazama. Kisha muisome kwa sauti penye kahawa, na mimi nitakuja kusikiliza nione ni wangapi watashika mbavu.

Nimesema yangu. Anayeona nimekosea aandike, na namwomba mhariri amchapishe toleo lijalo, ukurasa huu huu, kwa herufi za ukubwa huu huu. Nitamsoma mpaka mwisho, na nikitaniwa humo, nitarejesha.